Je, wajua kwa nini nembo za ndege ya mfano hupauka zikishakauka?

Spitfire yangu ya kwanza, mfano wa ndege ya kivita ya Uingereza, ilikuwa ya kipimo cha 1/72. Mabawa ambayo kwenye ndege halisi yana mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha yakabaki sentimita 15.6. Niliipaka kahawia na kijani kilichokoza, kama ndege za Uingereza za mwaka 1940, kwa rangi isiyong'aa hata chembe. Nikaloweka majini nembo, yaani alama zilizochapwa kwenye utando mwembamba mwangavu, nikazitelezesha kutoka kwenye karatasi yake, nikazilaza mahali pake. Usiku ule ungedhani zimechorwa kwa brashi. Asubuhi, katikati ya herufi za kikosi palikuwa na weupe wa kifedha, kana kwamba konokono amepita.

Nililaumu gundi. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji na weupe ukatoweka, nami nikajisifu. Maji yalipokauka, ukarudi. Nikahamia kulaumu nembo zenyewe, kwamba ni za zamani. Nikanyunyiza vanishi isiyong'aa juu yake, na konokono akabaki palepale, sasa akiwa amehifadhiwa vizuri. Ushauri wa kupaka kwanza vanishi ya kung'aa nilikuwa nimeusikia, lakini niliuona ni wa watu wanaopenda vitu vimeremete. Ndege ya vita inajificha. Uing'arishe ya nini? Nilirudia kosa hilo kwenye ndege tatu.

Kilichokuwa kinang'aa ni hewa.

Tazama mguu uliopauka. Ngozi haijabadilika rangi. Vigamba vikavu vimeinuka, hewa imeingia katikati yake, na mwanga unatawanywa kila unapopita kutoka hewani kuingia kwenye kigamba na kutoka tena. Paka mafuta ya nazi, nafasi zinajaa, rangi inarudi. Ukinawa maji tu, mguu unapendeza kwa dakika chache, kisha mpauko unarejea. Hicho ndicho kitambaa changu chenye maji.

Rangi isiyong'aa haing'ai kwa sababu uso wake una mabonde na vilima visivyoonekana kwa macho. Utando mwangavu wa nembo ukilazwa juu yake hukaa kwenye vilima kama turubai juu ya kifusi. Mabondeni kuna maji. Yakikauka, hewa inachukua nafasi. Utando, kama plastiki nyingi, hupinda mwanga kwa kiwango cha karibu 1.5, maji 1.33, hewa 1. Unapokutana na hewa, karibu asilimia 4 ya mwanga hurudishwa. Unapokutana na maji, haifiki hata nusu asilimia. Zidisha kwa vijibonde vyote vilivyo chini ya herufi moja, umpate konokono.

Vanishi ya kung'aa basi ni kazi ya kusawazisha ardhi. Inajaza mabonde, nembo inalala bila kuacha hewa, kisha vanishi isiyong'aa inapakwa juu ya vyote na ndege inarudi vitani. Mng'ao ule hauonekani tena na mtu yeyote, jambo ambalo bado linanifurahisha kupita kiasi.

Si lazima lakini ing'ae kama kioo. Wapo wanaoridhika na mng'ao wa wastani, na wapo wanaosugua rangi kwa msasa laini sana bila vanishi yoyote na kufanikiwa. Kinachotakiwa ni ulaini. Mng'ao ni dalili yake tu. Tena vanishi ina unene: tabaka la mikroni 20, ukilikuza mara 72, ni karibu milimita moja na nusu ya vanishi kwenye Spitfire halisi.

Nembo iliyokwisha kupauka, ikiwa haijafunikwa, huweza kuokolewa. Itoboe kwa ncha ya sindano palipo na weupe, dondoshea dawa ya kulainisha nembo, iache inywe. Itaonekana imepona papo hapo. Usiipige picha mpaka asubuhi.