Tapeo ni nini? Kuijua Granada baa moja baada ya nyingine

Wengi wakisikia tapas wanajua ni chakula fulani cha Kihispania, wanaingia gugo kutafuta mapishi yake, wanakuta picha za zeituni, viazi, kamba wa kitunguu saumu, paja la nguruwe lililokaushwa, konokono, wanabaki hawaelewi kwasababu hakuna kinachofanana na mwenzake. Tapa ni kipimo tu jamani. Ni kisahani cha kitu chochote kile, hata maharage. Ukitaka zaidi unaagiza media ración ambayo ni nusu sahani, na ración ndo sahani nzima ya kugawana mezani.

Dhana yenyewe ya kuielewa ni tapeo, na tapeo ni mwendo. Unaingia baa, unakunywa kinywaji kimoja kidogo, unakula kisahani kimoja, mnapiga stori, mnalipa, mnatoka, mnaenda baa ya pili, halafu ya tatu, mpaka mshibe au miguu ichoke. Mtu aliyekaa meza moja akaagiza visahani vinane amekula tapas ndio, ila tapeo hajafanya. Ukitaka kuishika roho yake fikiria kahawa ya barazani kule Lamu au Mombasa mjini, kikombe ni kidogo na hakuna anayelalamika udogo wake maana kilichomtoa mtu nyumbani ni wenzake.

Sasa kila mji Hispania una utaratibu wake. Sevilla unachagua tapa yako kwenye menyu na unailipia, San Sebastián huko kaskazini wanaziita pintxos na zinapangwa juu ya kaunta, nyingi zikiwa juu ya kipande cha mkate, Almería unapewa orodha unachagua na inakuja pamoja na kinywaji. Mimi nataka tukae Granada, mji wa Andalucía kusini mwa Hispania ulio chini ya milima ya Sierra Nevada, kwasababu hapo ndo utaratibu wenyewe unakulazimisha utembee.

Uko hivi. Unaagiza kinywaji, tuseme caña ambayo ni glasi ndogo ya bia ya bomba, na bila kuomba chochote inakuja na kisahani cha chakula. Hukukichagua na hukilipii peke yake, gharama yake imeshaingia kwenye kinywaji, na kinywaji chenyewe mara nyingi kinacheza kwenye euro 2 na nusu mpaka 3 hivi. Jikoni wana mpangilio wao: raundi ya kwanza tapa yake ni hii, raundi ya pili ni nyingine, ya tatu nyingine tena, na mhudumu anakumbuka kichwani nyinyi wanne pale pembeni mko raundi ya ngapi hata kama baa imefurika watu mpaka nje, kwa kweli kumbukumbu za wale watu mimi naziheshimu sana. Mkiwa wanne kwa kawaida mnaletewa kitu kilekile wote, kwahiyo ubishi wa nani anakula nini haupo, mnakula kilichokuja.

Hapo ndo utaona kwanini watu hawakai sehemu moja. Kama baa ndo inayokuchagulia, basi kila baa ina uso wake, hii inajulikana kwa samaki wa kukaanga, ile kwa nyama ya mchuzi, ile nyingine jikoni kuna bibi anapika wali wa Jumapili tu, na njia pekee ya kuzijua zote ni kuingia na kutoka. Wenyeji wana raundi zao tayari, wanajua pale tunachukua moja, kule mbili, halafu tunamalizia kwa fulani. Na pesa wanamaliza kirahisi sana, wanafanya bote, yaani kila mtu anachanga kiasi kilekile mwanzoni, mmoja anashika mfuko analipa kila baa, zikiisha mnachanga tena au mnaenda kulala.

Ukiuliza kwanini Granada wanaendelea kutoa chakula hivi wakati miji mikubwa mingi wameshaacha, jibu kubwa ni ushindani. Chuo kikuu cha pale ni cha mwaka 1531 na mji una makumi elfu ya wanafunzi, mwanafunzi akiwa na euro 9 mfukoni anaenda pale ambapo kinywaji kinakuja na sahani ya kueleweka, raundi tatu ameshakula chakula cha usiku. Baa ikianza kubania na kuleta chipsi za pakiti, mtaa mzima umeshajua ndani ya wiki.

Tuje kwenye mitaa yenyewe. Wageni wengi wanaanzia Calle Navas, kichochoro cha waenda kwa miguu kinachoanzia karibu na manispaa pale Plaza del Carmen, baa zimebanana kushoto na kulia. Los Diamantes ipo hapo, ni ya tangu 1942, na ilianza kujulikana kwa samaki na dagaa wa kukaanga, watu wanabanana kwenye kaunta wamesimama. Nenda, ni sehemu ya historia ya mji. Ila usiishie hapo, maana Calle Navas siku hizi imeelemea sana kwa watalii na ukiona baa yoyote ina mtu mlangoni anakuvuta mkono uingie na mabango ya picha za paella, ule wali wa Kihispania, wewe pita tu.

Kutoka hapo ukipanda kidogo kuelekea kilima cha Alhambra, ile ngome na kasri la wafalme wa Kiislamu, unaingia Realejo. Huu ulikuwa mtaa wa Wayahudi mpaka 1492, mwaka ambao Granada, dola ya mwisho ya Waislamu katika Hispania, iliangukia mikononi mwa wafalme wa Kikristo Isabel na Fernando mwezi wa kwanza, na miezi michache baadae amri ya kuwafukuza Wayahudi ikasainiwa hapohapo Granada. Leo ni mtaa wa familia, wachoraji wa ukutani na wanafunzi wenye hela kidogo zaidi, uwanja wa Campo del Príncipe unajaa meza jioni, watoto wanacheza mpira katikati na wazazi wanaangalia huku glasi iko mkononi. Hii nayo inashangaza wengi wetu: baa ya Hispania mtoto anaingia, bibi anaingia, mtu ananyonyesha pembeni, hakuna anayegeuka kuangalia.

Albaicín uko upande wa pili wa mto Darro, ni kilima cha vichochoro vya mawe na kuta nyeupe vilivyobaki tangu enzi za Waislamu, UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1994. Kupanda kule kunachosha, lakini ukifika juu Plaza Larga unakuta soko dogo la asubuhi na baa za wazee, na Plaza de Aliatar wanajulikana kwa konokono wa mchuzi. Tapas za huku zinakuja taratibu, hakuna haraka.

Mimi mtaa ninaoupenda kuliko yote ni Zaidín, kusini mwa mji, ambao kwenye vitabu vingi vya utalii hata hautajwi. Ni magorofa ya wafanyakazi, mengi ya miaka ya 1950 na 1960, hakuna jengo la kupiga picha. Lakini kaa kwenye kaunta ya pale saa nane mchana, fundi bomba ametoka kazini, mama amerudi sokoni na kitoroli chake, wazee wawili wanabishana mpira, na kisahani kinachokuja kimejaa kuliko cha katikati ya mji kwasababu anayekipokea atarudi kesho na keshokutwa. Mtu aliyeona Alhambra tu ameona jinsi wafalme walivyoishi, jinsi watu wa Granada wanavyoishi leo unaipata huku.

Na visahani vyenyewe vinakuchorea ramani ya mkoa bila wewe kufungua ramani. Dagaa na ngisi wanatoka pwani ya Motril, chini ya kilomita 80. Paja la nguruwe linakaushwa Trevélez, kijiji cha milimani ambako hewa ni baridi na kavu. Bilinganya za kukaanga zinamwagiwa asali nyeusi ya miwa, na miwa kwenye pwani ile ilipandwa na Waarabu karne nyingi nyuma. Kuna hata saladi ya machungwa na samaki mkavu inaitwa remojón, ukiila kwenye joto la mwezi wa saba utaelewa kwanini ipo.

Sasa swali ambalo najua wengi mnalo: nisiyekunywa pombe je, nisiyekula nguruwe je? Tapa Granada inakuja na soda pia, inakuja na bia isiyo na kilevi, na inakuja na mosto ambayo ni juisi ya zabibu isiyochachushwa na hakuna atakayekushangaa ukiiagiza. Kahawa ndo kwa kawaida haiji na kitu. Kuhusu nguruwe inabidi uwe makini kweli, maana anaingizwa kwenye maharage, kwenye supu, kwenye kroketi (vidonge laini vya kukaanga), mahali ambapo macho hayamuoni. Sema no como cerdo, yaani sili nguruwe, wakati ULEULE unapoagiza kinywaji, sio sahani ikishafika, na wakisikia mapema wanakubadilishia bila shida, utaletewa samaki au kipande cha tortilla ambayo kule ni mayai na viazi. Kwa anayetaka kukwepa baa kabisa, mtaa wa Calderería Nueva chini ya Albaicín umejaa nyumba za chai za mtindo wa Morocco, ingawa pale huwezi kuita tapeo, ni kukaa.

La mwisho ni saa, maana hili linawaumiza wengi. Majiko yanafanya kazi kama saa saba mchana mpaka saa kumi, halafu mengi yanafunga mpaka saa mbili na nusu usiku. Ukitoka hotelini saa kumi na mbili jioni na njaa yako utapewa kinywaji na bakuli la zeituni. Wenyeji wanaanza saa tatu usiku, na kwenye joto la kiangazi hata saa nne, kwahiyo lala mchana kama wao.