Mifupa ya mawe ya Bonde la Rukwa: usiing'oe, toa taarifa

Mvua zikikatika, makorongo ya Songwe na Mbeya huacha wazi mifupa iliyogeuka jiwe, na hawakosekani wanaoichimbua kwa jembe na kuileta ofisini ndani ya kiroba. Nia ni njema, tunashukuru. Ila mfupa uliokwisha kutolewa kwenye tabaka lake hauna tena wa kuusemea umri.

Bonde hili limepasuka na kujaa mashapo zaidi ya mara moja. Chini kuna miamba ya Karoo, kundi la miamba ya kale yenye makaa ya mawe, juu yake mchanga mwekundu wa zama za dinosaria, alimopatikana Rukwatitan, dinosaria aliyetangazwa mwaka 2014. Baadaye ardhi ikaanza kutanuka upya, na tabaka za Nsungwe zikajazwa. Ukisimama mbele ya ukuta wa tabaka hizo utaona chini changarawe na mawe yaliyoporomoka kutoka kingo za bonde, juu yake udongo wa mito na vinamasi, na humo mikanda ya majivu ya volkano. Chembe za madini ndani ya majivu hayo hupimwa, na zimetoa umri wa takribani miaka milioni 25. Kabla ya vipimo hivyo, wengi waliamini tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambamo Rukwa imo, ni changa zaidi kuliko lile la mashariki. Umri wa Rukwapithecus, jamaa wa kale wa ukoo wa sokwe anayejulikana kwa kipande cha taya, nao umetokana na majivu hayohayo.

Na jamani, mkanda wa majivu si dalili ya dhahabu kama wengine wanavyodhani! Dhahabu ya Lupa imo kwenye miamba mikongwe mno, ng'ambo ya mpasuko wa Lupa. Hili tumelieleza mpaka basi.

Ukiona mfupa, usiuguse. Weka alama pembeni, piga picha ikionyesha na tabaka, kisha toa taarifa bila kuchelewa kwa serikali ya kijiji au mamlaka ya mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inataka kibali kabla ya kufukua na kibali kingine kabla ya kusafirisha nje ya nchi. Leseni ya madini haichukui nafasi ya chochote kati ya hivyo viwili, hata kama eneo la leseni ni lako.