Yoyo Haikuwa Silaha

Jumamosi mzazi mmoja alimweleza mwanawe, mbele ya darasa langu zima la yoyo, kwamba yoyo, kile kisahani cha kuchezea kinachoshuka na kupanda kwenye uzi, ilianza kama silaha ya wawindaji wa Ufilipino: wanapanda mtini, wanamrushia mnyama jiwe lenye kamba, jiwe linawarudia mkononi. Hadithi hii nimeisikia hadi imenichosha.

Chukua yoyo, itupe igonge meza. Hairudi. Kinachoipandisha ni mzunguko wake, na ikishagonga kitu mzunguko unakufa. Jiwe la kamba utalivuta kwa nguvu kama ndoo ya kisimani. Hiyo si yoyo.

Ukongwe wa yoyo ni wa mchezo. Huko Berlin kuna bakuli la Kigiriki la mwaka 440 KK hivi, lenye picha ya kijana na kisahani cha uzi. (Vile visahani vya udongo wa kuchoma vilivyofukuliwa Ugiriki nasita kuviita yoyo, vikigonga sakafu mara moja, kwisha.) Wafaransa waliicheza miaka ya 1790. Mwaka 1916 jarida la Marekani, Scientific American Supplement, liliitaja kwa jina, kati ya vifaa vya kuchezea vya Kifilipino. Vya kuchezea!

Na walichotuachia Wafilipino ni kikubwa kuliko silaha, ndiyo maana naumia kikifunikwa na porojo. Yoyo za Ulaya uzi ulifungwa fundo kwenye mhimili, kile kijiti cha katikati: inashuka, inapanda, basi. Ya Kifilipino haina fundo. Uzi unakunjwa mara mbili, unasokotwa, kitanzi kinachobaki kinavishwa mhimili. Yoyo ikifika chini inazunguka ndani ya kitanzi bila kupanda, tunasema imelala. Ushtue uzi kidogo, ulegee, kitanzi kinaung'ata mhimili, nayo inapanda. Hiyo ndiyo iliyouzwa Marekani na Pedro Flores, Mfilipino aliyefungua kiwanda Santa Barbara mwaka 1928, na hakujiita mvumbuzi. Donald Duncan, mfanyabiashara Mmarekani, aliinunua biashara ile, na jina “yoyo” likawa alama yake ya biashara hadi mahakama ya Marekani ilipoamua mwaka 1965 kwamba ni jina la kila mtu.

Mzazi yule alikuwa ameupiga uzi wa mwanawe fundo, “usichomoke”. Nililikata, nikavisha kitanzi. Mtoto akarusha, yoyo ikalala.

Yako isipolala, iache ining'inie, uizungushe kinyume cha saa hadi uzi ulegee. Isipopanda, izungushe upande wa pili.