Mfuko wa akiba wa apatimenti ni nini, na nani ana haki ya kuugusa

Ukinunua apatimenti unapata vyumba vyako ambavyo unafunga mlango mwenyewe, halafu unapata pia sehemu ya vitu vya wote, yaani paa, lifti, nguzo, mabomba, maegesho. Hivyo vya wote vinazeeka kila siku. Mfuko wa akiba ndo hela ambayo chama cha wamiliki kinaweka pembeni kwa ajili ya siku vitakapotakiwa kubadilishwa au kufanyiwa ukarabati mkubwa, na hauna uhusiano na ile ada ya mwezi ya mlinzi, usafi na umeme wa korido. Watu wanachanganya hizi mbili sana.

Mi naona ukiielewa hii hesabu moja umeelewa kila kitu. Tuseme paa linadumu miaka 20. Kila mwaka ukipita mmeshakula sehemu moja ya ishirini ya hilo paa, iwe mmechanga au hamjachanga, kwa hiyo jengo likikuambia michango iko chini usikimbilie kufurahi, mara nyingi maana yake deni lipo ila halijaandikwa popote. Sasa mtu akakaa miaka 15 hachangi akiba, akauza akaondoka zake, sehemu yake analipa nani? Analipa aliyenunua juzi, analetewa barua ya mchango maalumu, hela nyingi kwa mara moja, na akishindwa sheria za sehemu nyingi zinaruhusu chama kuweka dai juu ya nyumba yake na hata kuiuza kupitia mahakama.

Kisa ambacho kila anayefuatilia haya mambo anakijua ni cha Surfside, Florida, kule Marekani. Jengo la ghorofa 12 la Champlain Towers South liliporomoka kwa sehemu tarehe 24 Juni 2021, wakafa watu 98. Mhandisi alishaandika tangu 2018 kwamba zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea limeharibika vibaya, wamiliki wakavutana miaka, wajumbe kadhaa wa bodi, yaani viongozi wa chama cha wamiliki, wakajiuzulu 2019, na bili ya ukarabati ikafika kama dola milioni 15 wakati akiba yao haikufika hata milioni 1. Tusiseme akiba ndogo ndo iliangusha jengo, wachunguzi wamekuta hata usanifu wa mwanzo ulikuwa na kasoro kubwa. Ila miaka ile ya mabishano ilipotea hivyohivyo, na inaumiza ukiifikiria. Kabla ya hapo sheria ya Florida iliwaacha wamiliki wapige kura kila mwaka kuruka akiba, wengi wakawa wanaruka. Mwaka 2022 ikabadilishwa, kwa majengo ya ghorofa 3 na kuendelea akiba ya vitu vinavyoshikilia jengo sio ya kufutwa kwa kura tena.

Turudi kwa bodi. Hela ya mfuko sio ya bodi, wao wameshika dhamana tu, kwa hiyo kuichota kuziba pengo la mishahara kwa sababu mwezi huu watu hawajalipa ada ni kosa hata kama nia ilikuwa nzuri. California kwa mfano wanaruhusu kukopa kwenye akiba kwa muda lakini bodi itoe taarifa kwanza, ieleze kwa nini na itarudisha vipi, na kwa kawaida irudishwe ndani ya mwaka 1. New South Wales kule Australia chama lazima kiwe na mpango wa miaka 10 wa kazi kubwa. Kama katiba ya chama chenu iko kimya kabisa kuhusu nani anasaini kutoa hela, hilo lipelekeni mkutano mkuu hata kabla ya kubishania rangi ya geti, na akaunti iwe ya peke yake, saini zisipungue mbili.

Na wewe unayetaka kununua, usiulize tu ada ni kiasi gani. Omba salio la mfuko, ripoti ya mwisho ya mhandisi, na kumbukumbu za mikutano ya miaka miwili mitatu nyuma uzisome mwenyewe. Ukikuta lifti imejadiliwa mikutano minne mfululizo na kila mara imeahirishwa, basi kwenye bei unayopatana na muuzaji weka na hela ya hiyo lifti.