Je, Utendi wa Mwana Kupona ni somo la kumtii mume tu?

Mtaje Mwana Kupona binti Msham mbele ya watu waliosoma fasihi na jibu litakuja haraka: yule mama wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, aliyemtungia bintiye utendi wa kumfundisha kumnyenyekea mume. Sifa hiyo ilipata msukumo mwaka 1934, Alice Werner na William Hichens walipochapisha utendi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wakaupa jina linalotangaza wajibu wa mke. Jina likaganda.

Mama mwenyewe hakuanza na mume. Mwaka 1858, mjane huyu wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Seyyid Said wa Zanzibar, alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Akamwita bintiye aje na wino na karatasi. Anampa hirizi, kisha kidani cha lulu na marijani, vyote vya maneno tu, si vya kushikwa mkononi. Halafu ndipo anapohesabu: "La kwanda kamata dini", pili adabu na ulimi mwema, tatu ukweli. Mume bado hajatajwa.

Anaingia pale mama anaposema kwamba "kiumbe ni radhi tano": ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, na bila hizo mtu hapati raha ya akhera wala ya dunia. Utendi mzima umeegemea hapo. Chukua shamba la urithi lenye warithi watano. Wanne watie sahihi, mmoja agome: shamba haliuzwi, hata kama fungu la huyo mmoja ni dogo kuliko yote. Huwezi kumwambia kwamba wenzake wameridhika; sahihi yao haijazi nafasi yake. Akhera ya binti imefungwa vivyo hivyo: sala nyingi hazimfuti mzazi aliyenung'unika. Mfano una kasoro, maana Mungu si mrithi mwenza wa mtu. Hizo radhi nyingine zina uzito kwa kuwa Yeye ndiye aliyeziamuru.

Mume basi ni wa tano kati ya watano, ingawa mama anakiri kwamba radhi yake ndiyo iliyokaririwa mno. Wala tusimpake mama rangi za leo: anasema wazi kwamba Siku ya Kiyama mume ataulizwa atakalo, na hilo ndilo mke atakalotendewa. Lakini papo hapo anashauri mume atunzwe kama mtoto asiyejua kusema. Wapo wanaosikia kejeli hapo. Huenda ipo, ubeti wenyewe unakubali kusomwa kwa njia zote mbili, na mimi naona mama alijua alichokuwa akifanya.

Kisichotajwa sana ni dua. Kadiri utendi unavyoendelea, mama anamwacha mwanawe na kumgeukia Mola, akiwaombea watoto na jamaa zake. Karibu na mwisho anawaita wanawake wote wasome na kuwatii waume zao, kwa hiyo waliokariri somo la mume hawakulizua. Walichoruka ni beti nyingi za kabla yake, ukiwamo ule wa kumkataza binti kutangamana na watumwa nje ya saa za kazi.