Je, wajua "Fabian" kwenye Kiingereza limetokana na ukoo wa Kirumi?

Kwa miaka mingi nilikua najua Fabian ni mzungu fulani. Nilisoma kwamba Mwalimu Nyerere alipokua masomoni Edinburgh, 1949 hadi 1952, alikutana na ujamaa wa Kifabian, basi mimi nikajua ni kama Karl Marx hivi, kuna bwana anaitwa Fabian kaandika vitabu vyake watu wakamfuata. Na kina Fabian kwetu wamejaa, sikuona cha kujiuliza.

Sio kweli, na kosa hili nakutana nalo sana ndo maana nalisemea kwa kirefu. Hakuna bwana Fabian aliyeanzisha kitu. Chama cha Fabian kilianzishwa London Januari 1884, na mmoja wa waasisi wake, mwandishi Edith Nesbit, mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kiume akampa jina la Fabian, yaani mtoto ndo karithi jina la chama. Chama chenyewe kilichukua jina kwa jemadari wa Roma aliyekufa zaidi ya miaka 2,000 kabla, Quintus Fabius Maximus.

Sasa hapo kwenye jina ndo penye utamu. Fabius sio jina la kuitwa wala sio la baba. Chukulia ukoo wa Mushi kule Kilimanjaro, ukiita "Mushi!" sokoni Moshi watageuka watu kumi, kwa hiyo kila mmoja ana jina lake la mbele. Kwa Warumi Quintus ndo jina la mbele, Fabius ndo huo Umushi, Maximus ni tawi ndani ya ukoo, alafu watu wakambandika mengine, Verrucosus kwa ajili ya chunjua aliyokua nayo mdomoni, na Cunctator, yaani mchelewaji. Mwanamke wa ukoo huo alikua anaitwa Fabia, basi. Kuna mwandishi wa kale, Plinio, anasema jina lilitokana na maharage, kwa Kilatini faba, maelezo matamu ila wataalamu wanayapokea kwa tahadhari.

Kiingereza kikaongeza kimkia cha Kilatini mwishoni, Fabius ikawa Fabian, na kazi ya kile kimkia ni kama Ki- yetu tunaposema "siasa za Kinyerere". Ndo maana Mwingereza anaandika "Fabian tactics", yaani mbinu za Kifabian, kwa herufi kubwa, neno linakaa mbele ya jina la kitu na kukieleza. Lakini akisema "she is a Fabian" hapo anamaanisha mwanachama wa kile chama, maana ni nyingine kabisa.

Wengi pia wanadhani mbinu za Kifabian ni uvivu au woga. Hata Warumi wenyewe walidhani hivo. Hannibal, jemadari wa Carthage aliyekua adui wa Roma, alivuka milima ya Alps kuingia Italia 218 KK, mwaka uliofuata akawamaliza Warumi kando ya ziwa Trasimene, ndipo Fabius akapewa madaraka yote. Akakataa kupigana uso kwa uso. Jeshi lake likakaa milimani likimfuata Hannibal nyuma nyuma, likiwavizia askari waliotoka kutafuta chakula, na mazao yaliyokua njiani kwake yakachomwa. Ni kama mtu aliyekuja na watu wake kwenye kijiji asichokua na shamba, kila siku inayopita anakula na halimi, wakati mwenyeji ana ghala na ana vijana wengine nyumbani, sasa mwenyeji ana haraka ya nini? Warumi wakachoka kusubiri, 216 KK wakaenda kupigana na Hannibal uso kwa uso huko Cannae, wakafa makumi ya maelfu kwa siku moja. Baada ya hapo lile jina la mchelewaji, lililoanza kama tusi, likageuka sifa.

Wale wa London walitaka ujamaa uje hivo hivo, kidogo kidogo, bila mapinduzi, na nembo yao ilikua kobe.

Kina Fabian wa kwetu wao mara nyingi wamelipata jina kupitia Mtakatifu Fabiano, Papa aliyeuawa Roma mwaka 250, sikukuu yake ni 20 Januari. Ila na lake pia limetoka kwa Fabius, kwa hiyo ukoo ule umetufikia kwa njia mbili, kwa ubatizo na kwa siasa.