Giaboksi ya otomatiki: yanayosemwa gereji na yanayopimika

Toyota kama Corolla 110, Spacio, Noah, Mark II na Hilux Surf za kabla ya 2005 bado zimejaa kwenye barabara zetu, na nyingi ni otomatiki. Zikifika umri huu gia huanza kusumbua: inachelewa kuingia, inaingia kwa kishindo, au injini inalia na gari haliongezi mwendo. Mwenye gari akifika gereji, mara nyingi anapewa jibu moja: "Giaboksi imekwisha, tafuta nyingine." Jibu hilo silikubali likitolewa kabla hata kijiti cha oili hakijachomolewa. Giaboksi hizi zilitengenezwa zipimike. Unaanza na oili, unafuata umeme, kisha presha, na kuishusha kunakuja mwisho kabisa.

"Gia zikisumbua, giaboksi imekufa"

Dhana hii ndiyo inayomaliza pesa za watu, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Kwanza tenganisha kuteleza na uzito. Giaboksi ikiteleza, ukikanyaga mafuta mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda lakini mwendo unabaki palepale. Kama umekanyaga na mshale wenyewe hautaki kupanda, angalia injini: chujio la mafuta limeziba, koili moja imekufa, au masega ya ekzosi (katalista ya kusafisha moshi) yameziba. Hapo giaboksi haihusiki.

Kishindo cha kuingiza D au R nacho kina vyanzo vya nje. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikiwa juu, tuseme rpm 1,200, gia yoyote itaingia kwa kishindo hata giaboksi ikiwa mpya. Mauntingi (kishikilio cha injini) iliyokatika mpira hugonga vilevile. Mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu, ahamishe kutoka N kwenda D kisha R, nawe uwe umefungua boneti na kusimama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini ikiinuka na kuanguka, umepata jibu bila kufungua nati hata moja.

Magari ya zamani zaidi yana kebo inayotoka kwenye throto bodi (mlango wa hewa ya injini) hadi giaboksi. Watu wengi hawaijui kazi yake, na fundi akisafisha throto anairudisha ovyo. Kebo hiyo ndiyo inayoiambia giaboksi iweke presha kiasi gani. Ikilegea, presha inashuka, gia zinaingia mapema na klachi zilizo ndani ya giaboksi zinateleza mpaka ziungue. Ikivutwa mno, gia zinachelewa na kuingia kwa ukali. Kipimo cha Toyota ni hiki: aksileta ikikanyagwa hadi mwisho, kile kifundo kilichobanwa kwenye waya kiwe umbali wa milimita 0 hadi 1 tu kutoka kwenye mdomo wa ganda la kebo. Klachi zimewahi kuungua kwa sababu ya tofauti ya milimita chache, na kuirekebisha ni kazi ya nati mbili.

Sasa umeme. Taa ya OD OFF (OD ni overdrive, gia ya juu kabisa) ikiwaka bila kupepesa, maana yake ni kwamba kitufe cha pembeni ya gia kimebonyezwa, basi. Ikipepesa, kompyuta imeona hitilafu na imeiandika. Kwenye Toyota za kabla ya OBD2, mfumo wa kusoma hitilafu kwa mashine, huhitaji mashine kuisoma. Washa swichi bila kuwasha injini, hakikisha OD haijazimwa, kisha unganisha kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha kupimia. Taa itahesabu: kupepesa mara 6, kupumzika, kisha mara 2, ni kodi (namba ya hitilafu) 62. Kodi 42 na 61 ni za sensa za mwendo. Kodi 62 na 63 ni za solenoidi za gia, yaani valvu zinazoendeshwa kwa umeme, na 64 ni ya solenoidi ya kufunga toki konveta, chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili. Ikipepesa haraka haraka bila kusita, hakuna kodi iliyohifadhiwa.

Ukipata 62 au 63, usikimbilie kununua. Pima ohm kati ya pini ya solenoidi na bodi ya giaboksi. Ikisoma 11 hadi 15, koili yake ni nzima na kosa linaweza kuwa kwenye waya au soketi iliyoingia maji. Ikisoma nje ya hapo, mara nyingi solenoidi hubadilishwa kwa kufungua sampo (karai la oili chini ya giaboksi), giaboksi ikiwa palepale ilipo.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote, na sielewi kwa nini hakifanywi kila gereji. Chukua familia ya giaboksi za A340, zilizofungwa kwenye Hilux Surf nyingi. Chomoa soketi ya solenoidi kisha endesha gari. Kompyuta sasa haina sauti, na gia zinafuata mkono wako: ukiweka L unapata gia ya kwanza, ukiweka 2 unapata ya tatu, ukiweka D unapata ya nne. Gia hizo zikiingia vizuri na kushika bila kuteleza, klachi za gia hizo ziko salama, na ugonjwa huenda uko upande wa umeme: nyaya, sensa, solenoidi au kompyuta. Zikiteleza hata hapo, ndipo pa kuanza kuzungumzia klachi. Ukimaliza rudisha soketi, kisha ng'oa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme) kwa zaidi ya sekunde 10 ili kufuta kodi ulizozisababisha.

Hata klachi nazo hujitaja. Kwenye A340, klachi moja hufanya kazi katika gia zote za mbele, na nyingine hufanya kazi katika gia ya tatu, ya nne na rivasi. Gari linaloteleza kwenye rivasi na pia kwenye gia ya tatu linakuelekeza kwenye hiyo ya pili. Halafu pima muda wa kuingia. Injini ikiwa ya moto, breki ya mkono imevutwa na mguu uko kwenye breki, hamisha kutoka N kwenda D na uhesabu kwa saa ya simu mpaka usikie gari limeshika. Toyota inataka muda uwe chini ya sekunde 1.2. Kutoka N kwenda R, chini ya sekunde 1.5. Rudia mara tatu, ukipumzika dakika moja kila mara, kisha tafuta wastani. D na R zikichelewa zote mbili, angalia presha ya jumla, yaani kiwango cha oili, chujio na pampu, kabla ya kulaumu klachi.

"Oili ya giaboksi inapimwa asubuhi, gari likiwa baridi"

Hiyo ni ya injini. Ya giaboksi kwenye Toyota hupimwa ikiwa ya moto, baada ya safari, gari likiwa mahali pa usawa na injini ikiunguruma. Pitisha gia kuanzia P hadi L na kurudi P ukiwa umekanyaga breki, ndipo uchomoe kijiti na kusoma alama ya HOT. Ukipima ya baridi kwa alama ya moto utaona imepungua, utaongeza, na ikichemka itajaa kupita kiasi na kutoa povu. Povu halishiki presha, na giaboksi itateleza wakati oili ni tele. Honda nyingi zina utaratibu wao: zima injini kwanza, kisha pima ndani ya dakika moja hadi dakika moja na nusu. Giaboksi zisizo na kijiti hupimwa kwa tundu la chini kwa kufuata joto la oili. Hapo mwachie fundi mwenye mashine ya kusoma joto.

"Oili yoyote nyekundu inafaa"

Wekundu ni rangi tu iliyotiwa. Aina za oili kama T-IV, Dexron na Matic-D zote zinaweza kuwa nyekundu, lakini namna zinavyoshika klachi hutofautiana. Soma maandishi kwenye kijiti au kitabu cha gari, usikubali kukisiwa. Hatari kubwa ni kwenye CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. Vitz nyingi za umbo la 2005 zina CVT ya mkanda wa chuma, tofauti na Vitz za mwanzo, ingawa kwa nje dereva anaona P, R, N, D zilezile. Ukimimina oili ya otomatiki ya kawaida humo, mkanda utateleza na kukwaruza puli zake, na hapo ukarabati wa bei nafuu haupo.

Rangi vilevile huwapotosha watu upande mwingine. Oili iliyogeuka kahawia si hukumu ya kifo. Inuse na uitandaze kwenye karatasi nyeupe. Harufu ya kuungua pamoja na chembe nyeusi ni klachi zinazokwisha. Ukifungua sampo utakuta tope laini la kijivu kwenye sumaku, na hilo ni la kawaida kwa gari la miaka mingi. Vipande vya chuma vinavyonaswa na sumaku vinatoka kwenye bearing, gia au pleti, na vile vya rangi ya shaba visivyonaswa vinatoka kwenye bushi. Oili ikiwa nzito, ya waridi iliyochujuka, maji ya rejeta yameingia kupitia kipozeo cha oili kilicho ndani ya rejeta yenyewe. Zima gari na uliburute, kwa sababu maji yenye kulanti hubandua karatasi za klachi.

"Gari lenye kilomita nyingi usilibadilishe oili, litaanza kuteleza"

Dhana hii ina sababu yake. Watu wengi hubadilisha oili siku gari limeshaanza kuteleza, na likifa wiki inayofuata, lawama inakwenda kwa oili mpya. Klachi zilizokwisha zilikuwa zimekwisha tayari. Nilichokubali katika onyo hili ni kimoja: usisukume oili kwa mashine ya presha kwenye giaboksi ambayo haijawahi kuhudumiwa, kwa kuwa uchafu uliotulia unaweza kwenda kuziba valvu bodi, sehemu inayogawa oili ya presha. Mwaga kwa sampo, badilisha chujio, safisha sumaku, na urudishe kiasi kilekile kilichotoka. Sehemu kubwa hubaki ndani ya toki konveta, hivyo rudia baada ya muda mpaka oili ing'ae.

"Mtetemo wa kilomita 70 ni matairi"

Huenda ni matairi kweli. Lakini kama unatokea ukiwa umeshikilia mafuta kidogo kwenye mwendo wa wastani, gari likitikisika kama liko juu ya rasta, fanya hivi barabara ikiwa tupu: bila kuachia aksileta, gusa breki kwa mguu wa kushoto kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Hapo kompyuta inaachia klachi ya toki konveta na rpm inapanda kidogo. Mtetemo ukikoma papo hapo, chanzo ni klachi hiyo au oili iliyochoka, na kubadilisha oili sahihi ndiyo hatua ya kwanza. Ukiendelea, nenda kwenye matairi, shafti na plagi.

"Kushuka mlima kwa N kunaokoa mafuta"

Injini zenye EFI hukata mafuta unapoachia aksileta gari likiwa ndani ya gia. Ukiweka N, injini inadai mafuta ili isizimike, na umebaki na breki peke yake. Kwenye mteremko mkali kama wa Kitonga ukiwa na mzigo, hilo ni jambo la uhai. Zima OD au weka 2 ili injini ikusaidie kushika gari, kisha ukifika tambarare rudisha OD, kwa sababu kuizima muda wote kunapandisha rpm na kula mafuta.

"Ya mtumba itamaliza tatizo"

Wakati mwingine ndiyo njia pekee, nami siipingi vipimo vikishathibitisha. Ila kama ya zamani iliungua, kipozeo na mabomba yake yana unga wa klachi. Visafishwe kabla, la sivyo ile mpya inaumeza uchafu wa ile iliyokufa. Toki konveta ya zamani isirudishwe kwa kuoneana huruma ya bei. Badilisha sili ya mbele na chujio giaboksi ikiwa chini, wakati ambapo kazi hiyo ni rahisi. Na wakati wa kufunga, toki konveta lazima iingie hadi mwisho ndani ya pampu na izunguke kwa mkono bila kukwama. Kengele ya giaboksi (ganda lake pana la mbele) ikigoma kukutana na injini, usiivute kwa bolti. Itoe, uzungushe konveta mpaka izame tena, kwa sababu bolti hizo zikilazimishwa huvunja gia ya pampu, na gari litawaka vizuri bila kusogea hata hatua moja.